Bi Ummukulthum na Upepo wa Jumapili

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaikum, na kwa ndugu zetu wa Peckham, Bwana asifiwe. Leo hatutacheka sana. Bi Ummukulthum ametutoka. Ndiye yule yule aliyekuwa akikusomeeni hali ya hewa hapa kila Jumamosi. Amefariki jana, Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake Woolwich, hapa hapa London, mwanawe Zahra akiwa amemshika mkono. Atazikwa kesho baada ya adhuhuri.

Na kesho hiyo hiyo upepo unakuja. Kile kimbunga kilichovuka Atlantiki kimeshaingia nchi kavu huko magharibi. Kinapungua nguvu, lakini kinakuja. Zahra amepiga simu hapa studioni akatoa tangazo kuhusu mazishi. Litasomwa mwisho wa kipindi. Kwanza tumzungumzie mama, maana bila ya kumjua mama, tangazo la mtoto litakushangazeni.

Bi Ummukulthum alikuwa mtu wa Unguja, mjini. Siku za kazi alikuwa karani wa kaunsili, baraza la mji, ofisi ya nyumba, watu wakimlilia kuta zao zinavuja naye akiandika. Jumamosi alikuwa wetu. Studio yetu iko juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake mnazijua wenyewe, ukifika juu huna pumzi ya kusalimia. Yeye alizipanda na chupa ya chai mkono mmoja na visheti mkono mwengine, akifika anauliza kwa nini hapajafagiliwa.

Kazi yake alikuwa na namna yake. Kwanza alisikiliza utabiri wa Waingereza. Ukishamalizika, anakamata simu. Nchi hii hewa mbaya aghlabu hutokea magharibi, basi naye alikuwa na watu wake huko. Alikuwapo kijana mmoja wa Wete aliyehamia Plymouth. Alikuwapo Norbert, Mkongo wa Bukavu, anayefua mashuka ya hospitali kule Bristol.

"Norbert, mwanangu, hebu chungulia dirishani. Miti inafanyaje?"

"Mama, mupepo iko inapiga sana. Lakini iko inapunguka."

Hayo ndiyo aliyotuletea hewani, mji kwa mji, mpaka yafike kwetu. Habari za maili kwa saa hakuzitaka. Alikwambia huu ni upepo wa kukunja mwavuli, au huu ni upepo wa kuangusha pipa la taka, au huu, jamani, kaeni nyumbani. Na watu walimsikiliza. Wanaofagia maofisi alfajiri na wanaolea wazee wa Kizungu walijua wavae nini kwa mdomo wake.

Sasa twende Oktoba ya mwaka 1996. Zahra anaolewa na Ziyad, kijana wa Croydon. Nikaha imeshapita msikitini. Iliyobaki ni karamu ya wanawake, siku ya Jumapili, siku ya kumtoa bi harusi watu wamtazame. Ukumbi haukupatikana, basi likasimamishwa hema kubwa nyuma ya magorofa yao, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Na Bi Ummukulthum, kama desturi ya kwao, hakualika kwa kadi. Alialika kwa miguu. Nyumba hadi nyumba, basi hadi basi, Woolwich mpaka Peckham, buibui lake limelowa mvua, anakaa, anakunywa chai, ndipo anasema lililomleta. Mtu akialikwa hivyo, asipokuja ana lake.

Jumamosi, mkesha wa karamu, akaja studioni na hina mikononi. Waingereza wakasema mabaki ya kimbunga yatafika kesho, na yanadhoofika kila yakiingia bara. Akapiga simu Plymouth, miti imeanguka. Akapiga Bristol, Norbert akasema inapunguka, lakini bati la kibanda cha baiskeli limeruka.

Wifi yake, Bi Asila, alikuja naye siku ile. Bi Asila ndiye aliyelisimamia hema na sufuria zote za pilau. Akamvuta pembeni.

"Wifi, si wamesema kinadhoofika? Basi sema kinadhoofika uishie hapo hapo."

"Na hema lililosimama juu ya saruji, Asila, limeshikwa na nini? Na wale vikongwe watarudi na treni gani?"

"Umewaalika kwa miguu, leo unawafukuza kwa redio? Watatusema mpaka tufe."

Bi Ummukulthum akaivuta maikrofoni. Akaanza na Annonciata, kiongozi wa kwaya ya Wakongo wa Peckham, waliokuwa waimbe kesho yake bustanini. Akamwambia: mama, ingieni ndani, bustani haifai. Kama angekuwa mtu mwengine, pale pale angeaga. Yeye aliona haya. Vipi awazuie watoto wa mwenzake kuimba, halafu wake yeye achezewe ngoma chini ya turubai?

"Na nyinyi mlioalikwa kwangu kesho," akasema, "msije. Nimekualikeni kwa miguu yangu, na leo nakuzuieni kwa mdomo wangu. Nisameheni."

Hema likashushwa jioni ile ile.

Mnataka kujua upepo ulifanya nini Woolwich? Uliangusha pipa la taka. Basi. Na matawi mawili matatu. Zahra alitolewa sebuleni, na dhahabu zake zote, akatazamwa na majirani wa gorofa lao na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuja kuulizia harufu ya pilau, akapewa sahani mbili. Zahra akikasirika Kiswahili humkimbia. Alimwambia mama yake kwa Kiingereza: mama, umenivunjia harusi yangu kwa ajili ya pipa la taka.

Watu wakampa jina, Bi Kimbunga. Jumamosi iliyofuata alipanda ngazi zile zile za studio, akasema hewani: "Upepo haukuja. Nilikosea, alhamdulillahi. Na Mungu anijaalie nikosee hivi siku zote." Akasoma hali ya hewa, akaenda zake.

Zahra akahamia Croydon. Kila Jumamosi, kipindi hiki kikifika kwenye hali ya hewa, alikuwa akizima redio. Hayo kayasema mwenyewe jana, kwenye simu, akilia. "Miaka ikapita, nikapata watoto, hasira zikaisha. Nikawa nafungua redio nimsikie. Lakini sikumwambia kuwa yamekwisha. Nilidhani anajua."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Zahra. Tunampa pole Ziyad na wajukuu. Tunampa pole Bi Asila, aliyebaki bila wa kuteta naye. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Ummukulthum mahali pema. Na wewe unayesikiliza, kama yuko mtu uliyemnunia, na moyoni yamekwisha, mpigie simu leo. Mwambie yamekwisha.

Sasa hali ya hewa, kama alivyokuwa akiisoma yeye. Plymouth, mvua kubwa tangu asubuhi, miti imelala. Bristol, Norbert amechungulia dirishani, anasema iko inapunguka. London, kesho kuanzia adhuhuri, upepo wa kuangusha pipa. Huenda ukazidi. Treni huenda zikasimama.

Na adhuhuri ndiyo saa ya mazishi. Bi Asila alitaka watu wajae, maana mwenzake alistahiki janaza kubwa, na nani atabisha? Wengi wenu mmeshapanga safari. Lakini mwenye msiba ni Zahra. Tangazo lake ni hili, kalitoa kwa Kiswahili, polepole, na akaomba lisomwe kama alivyolisema.

"Mliompenda mama yangu, kesho msije. Wanaume wa Woolwich watatosha kumzika. Kina mama, hitma ya kumwombea isomeni majumbani kwenu. Ningependa mjae mpaka barabarani, Mungu anajua. Lakini upepo unakuja, na nyinyi wengi wenu ni wazee. Nakuzuieni kwa mdomo wangu, kama alivyokuzuieni yeye. Nisameheni. Mimi Zahra, mwanawe."