Tsonka Dragneva, Aliyechapa Tanzia Yangu Nikiwa Hai

Waombolezaji, nanyi mliokuja kuhakikisha tu kwamba kweli amekufa, nyamazeni kidogo. Naitwa Yavor Dimchev, nasoma mimi wasifu huu kwa sababu marehemu aliagiza hivyo mbele ya daktari wake, ingawa kaka yake, mzee Stoyko, amenikabidhi karatasi aliyoiandika yeye, na vijana wa nyumba ya marehemu amewazuia pale nje ya mlango, eti si ndugu, wasikaribie jeneza. Karatasi nitaifuata mpaka pale inapoanza kudanganya.

Marehemu Tsonka Dragneva alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, katika kijiji kimoja nje ya Haskovo, mtoto wa pili kati ya wawili, akasoma huko hadi mwaka 1971, kisha akaenda Sofia kusomea uchapaji, akahitimu mwaka 1975. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji hapa mjini hadi kilipofungwa mwaka 1994, na tangu hapo akawa mchapaji katika ofisi ya mazishi, hivyo karibu kila tanzia yenye picha mliyobandika milangoni mwenu na kwenye nguzo za mtaa kwa miaka ishirini na mbili, hadi alipostaafu, imepita mikononi mwake. Aliolewa na Kolyo tarehe 5 Septemba 1981, wakapendana, Kolyo akafariki mwaka 2003.

Hapa mzee Stoyko ameandika, "Hakujaliwa watoto." Ebo! Karatasi hii sasa naiweka chini.

Tarehe 11 Machi 2009, baba yangu Dimcho, ambaye yuko pale nyuma na abaki hapo hapo, alimpelekea Tsonka picha yangu, akaagiza tanzia ishirini, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba mimi ni shoga, na nikiwa na miaka kumi na saba alikuwa ameshanifukuza. Tsonka alimpa pole, akachapa, maana kuchapa tanzia hakudaiwi cheti cha kifo. Kesho yake, akitoka kazini, akanikuta kituo cha basi, nimesimama mbele ya nguzo, naisoma tanzia yangu mwenyewe. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Mama yangu! Nimekuua mimi, mwanangu, basi na kukulisha ni juu yangu." Tukazunguka mtaa mzima tukizibandua, ninyi mkituchungulia madirishani, hakushuka hata mmoja, kisha akanipeleka kwake akanipikia supu ya maharage.

Baada yangu akaja Desi, aliyenyolewa nywele kwa nguvu na kaka zake kwa kumpenda msichana mwenzake, wakaja wengine, na tarehe 2 Mei 2011 Tsonka akaisajili nyumba yake kuwa shirika la hisani, lenye vitanda sita, simu ya msaada, mshauri aliyetoka Plovdiv kila Jumanne, na mtu wa kufuatilia vyeti ili watoto warudi shule. Ninyi mkamvunjia madirisha mara nne, mkakusanya saini ili afungiwe, mkamwita sokoni "Mama wa mashoga!", mkidhani mnamtukana, naye akaitika, "Abee, nikusaidie nini?"

Mwezi Oktoba 2023 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho, akauguzwa na vijana wake kwa zamu, na mnamo tarehe 6 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Desi. Mzee Stoyko alifika mara moja, akakaa dakika kumi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliotuacha tukae naye bila kutuuliza undugu, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mazishi, na jirani yetu Bibi Radka, aliyetuletea pilipili hoho za kuchoma kila Septemba. Majirani wengine siwashukuru kwa lolote, na wanajifahamu.

Marehemu ameacha watoto sitini na watatu. Kumi na tisa wako nje ya mlango huo, na sitawataja majina, kwa sababu mama zao waliowazaa wamekaa humu ndani, wanatazama sakafu. Mlio nje, ingieni, mama yetu hazikwi na wageni. Mzee Stoyko, tupishe. Nawe mama Tsonka, pumzika sasa kwa amani, wanao tumekuja kukubeba.