Kikombe cha Lyle

Benchi letu liko nje ya duka la vipuri lililofungwa, mkabala na kiwanja ambacho timu yetu ya ligi ndogo huchezea besiboli. Kahawa naileta mimi, katika chupa ya mke wangu. Hapa Iowa, mchezaji akipandishwa ligi kuu kisha akarudishwa upesi, tunasema alikunywa kikombe cha kahawa. Lyle Hostetler alikunywa chake Chicago, ujanani. Alivaa jezi ya timu ya huko wiki moja, na hakuingizwa kiwanjani hata mara moja. Tulimzika mwezi uliopita. Mjane wake, Arlene, anataka jiwe la kaburi liandikwe "Mchezaji wa Ligi Kuu", na leo fundi anataka jibu.

— Mchezaji hucheza, alisema Skrubu, aliyekuwa akiuza vifaa vya ujenzi. Lyle alikaa benchi. Mbona mimi nimekaa benchi na sina jiwe?

— Hujafa, mzee. Fanya haraka, alisema Redio, ambaye hanyamazi. Wale walimficha makusudi. Kocha alimwogopa.

— Kocha wa Chicago amwogope Lyle?

— Ule mkono! Angerusha mpira, mpokeaji angevunjika vidole. Watu wa bima wakakataa.

— Bima? Juzi ulisema mvua.

— Mvua ilikuwa Jumanne. Jumatano bima. Alhamisi mwenye timu akaota ndoto mbaya.

— Na Ijumaa?

— Ijumaa walimpa jezi ya mtu mwingine. Kwa hiyo huenda alicheza, ila kwa jina la mwenzake.

Nilicheka. Kwenye jiwe la mke wangu niliandika jina na miaka tu. Nilidhani yanatosha.

Arlene alivuka barabara, mkoba mkononi. Skrubu akasogea.

— Karibu, shemeji.

— Fundi ananisubiri. Ninyi mmekaa naye hapa miaka yote. Mwenyewe alisemaje kuhusu wiki ile?

Tulikuwa tumemsimulia Lyle habari zake mara nyingi sana, naye akisikiliza.

— Hatukumuuliza, nilisema.

— Mimi nilimuuliza, siku aliporudi.

— Akasemaje?

— Kwamba kahawa yao ilikuwa ya moto.

Skrubu alivua kofia.

— Andika hiyo, shemeji.

— Kaburini?

— Nani hapa hataelewa?

Arlene alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akaketi mahali pa Lyle. Nilitaka kummiminia kahawa, lakini Redio alikuwa ameshaimaliza.