Masikio ya Kurithi

Ndani ya basi, kinyozi mstaafu aliinua gazeti, lakini hakusoma hata mstari mmoja. Miaka arobaini alizungusha mkasi kando ya masikio ya watu, na sasa kwenye kiti cha mbele yake ameketi kijana aliyefungwa bandeji kichwa kizima.

"Meno, mwanangu?" akauliza mama aliyekaa kando ya kijana.

"Masikio, mama. Yalichomoza mno. Daktari kayapasua kwa nyuma, kayashona. Bandeji wiki moja, kisha usiku navaa kitambaa cha kubana, wiki sita. Yatauma, yatavimba, halafu yatalala."

"Kwani yalikuwa yanakesha?"

Kinyozi akacheka ndani ya gazeti. Mtu mzima na akili zake, kwenda kujitafutia maumivu!

"Nyumbani wanajua?"

"Baba hajui, na ndiye anayenipokea stendi. Nitamwambia nilianguka."

"Ukaangukia masikio yote mawili?"

Basi likasimama stendi. Nje, mzee mmoja alipitisha macho dirisha hadi dirisha, masikio yamesimama kando ya kofia kama vipini vya sufuria. Akaiona bandeji, akaipita. Kisha akavua kofia na kuipunga juu, ili mwanawe asipate shida kumtambua.