Kabichi Haipigi Teke

Kijiwe chetu cha Junda kiko mkabala na mlango wa Kafedha. Ukikohoa huku, kule wasikika. Wiki hii Kafedha kajifungua mtoto wa watu. Mume na mke wasiojaliwa mtoto walimwomba, daktari akampandikiza mimba yao, naye akawabebea hadi mwisho. Wakaja hospitali, wakamchukua mtoto wao, wakenda zao. Kafedha karudi mikono mitupu. Basi dele la kahawa lilipofika, mimi nilikuwa nishapandwa na hasira.

– Dhuluma! Mama ni aliyezaa. Kwisha!

– Taratibu, akasema Badawi, tumwitaye Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi kortini. Mbegu zao, mtoto wao. Na Kafedha alikubali mwenyewe. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

– Methali hiyo yakusuta wewe, Wakili! nikamrukia.

Bonface, msukuma mkokoteni wa soko la Kongowea, akacheka.

– Maze, mimi nabeba kabichi za watu kila siku. Nikishusha, nakaa chini nizililie?

– Kabichi haikupigi teke usiku, baradhuli wee!

– Tumbo ni gereji, akaamua Faki Spana, fundi wa magari. Gari lalala kwangu, lakini mwenyewe yuwajulikana.

– Haya, na maziwa je? nikamkabili. Angalimnyonyesha, dini ingalimwita mamake. Sasa kumbeba miezi yote ile ndiyo si kitu, wallahi?

– Basi mtoto agawanywe, akasema Wakili. Idi Ndogo huku, Idi Kubwa kwao.

– Bora mimba tubebe sisi wanaume, akasema Spana. Hatuna maziwa, hapatakuwa na kesi.

– Wewe Spana! Jino tu lilikuliza, mtaa mzima ukasikia! akadakia Bonface.

Nikagonga kikombe kwenye benchi.

– Nyote hamna huruma! Hapa anayempigania Kafedha ni mimi peke yangu!

Hapo akatokea mama mmoja na kikapu, ana jasho la njia.

– Asalaam aleikum, wanangu.

– Waaleikum salaam. Shikamoo, mama.

– Marahaba. Natoka Bofu. Nyumba ya Kafedha ni ipi? Mimi mamake.

Tukaunyoshea mlango vidole sote. Kikapuni mna kuku na pilipili manga, vitu vya mzazi. Mtaani kwetu mtu akizaa, kila nyumba hupeleka uji. Kwa Kafedha, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kutazamwa, hapakwenda hata kikombe.

– Alhamdulillahi, majirani mko karibu, akasema. Haya, mwanangu yuwaendeleaje?

Wakili akamtazama Spana. Spana akatazama kahawa yake. Bonface akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

– Sijui, mama, nikasema.