Rekodi Zilizorukwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazazi na walezi, Bibi yetu uliyeketi mstari wa mbele, na wanafunzi wenzangu: nawasalimu kwa heshima. Nimezoea kusoma vitabu, si kusimama mbele ya watu, kwa hiyo mkiona macho yangu hayatoki kwenye karatasi, nivumilieni.

Tunafungua chumba kipya cha kompyuta, na juu ya mlango limeandikwa jina la utani la mwenzetu, Kasuku. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila mchana alijikunyata kwenye kona akijirekodi anavyosoma hadithi, ili bibi yake, ambaye macho yake yamepoteza nuru, azisikilize nyumbani. "Kasuku, hebu pumzisha huo ulimi!" tulimtania. "Ulimi hauna mfupa," alitujibu, "utachokaje?" Hata alipoanza kuugua, akikohoa katikati ya sentensi, hakuacha.

Kazi zote za chama chetu cha kompyuta, pamoja na rekodi za Kasuku, tuliikabidhi programu moja inayotunza nakala ya kila faili, la jana na la leo, kwenye mashine iliyo nje ya shule. Kasuku alikuwa na mazoea yake. Rekodi iliyokamilika, aliyokwisha kuiondolea kikohozi, aliitia kimstari kilichopinda kama wimbi mwishoni mwa jina. Kwake maana yake ilikuwa: hii ni ya Bibi, iko tayari, nitampelekea zote kwa pamoja. Lakini programu ile ilikuja na kanuni zake tangu ilipotengenezwa: faili lenye kimstari hicho mwishoni ni makapi, lirukwe, wala mtu asiambiwe. Nani kati yetu alizisoma kanuni hizo? Tuliweka mlinzi mlangoni, tusimuulize ameagizwa amzuie nani.

Kasuku akafariki. Kabla machozi hayajakauka, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza kompyuta zetu zote. Tukasema si kitu, nakala zipo. Tulipozifungua, tulikuta majaribio matupu: anaanza, anakosea, anakohoa, anakata. Kila alichokikamilisha kilikuwa kimerukwa.

Mwalimu wetu wa kompyuta alimpelekea Bibi kilichobaki. Bibi akasikiliza, kisha akauliza, "Na mwisho wa hadithi uko wapi, mwanangu?"

"Haupo, mama."

Bibi akasogeza kiti karibu. "Basi nirudishie pale anapokohoa."

Ndugu zangu, tumezikagua kanuni zote za programu ile, na sasa hairuki faili lolote kabla ya kutuuliza. Leo tutasifiwa kwa hilo. Lakini dawa iliyofika baada ya mazishi, tuisifu kwa furaha gani?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe, Bibi ameomba kompyuta ya kwanza iwashwe na rekodi moja ya Kasuku ichezwe, jinsi ilivyo, bila kusafishwa. Itakatika ghafla. Ameomba pia ikikatika tusipige makofi.

Asanteni kwa kunivumilia mimi. Sasa msikilizeni yeye.