Dakika Tatu Anakabidhi Kipima Gesi

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wetu wa vipimo vya gesi atauvua begani mkoba wa bluu wa kipima gesi, atauweka juu ya meza ya mhandisi, na kutia sahihi kwenye rejista kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kituo hiki cha kusafisha majitaka. Rejista inaonyesha kwamba watu wameshuka kwenye visima na matangi yetu kwa neno lake zaidi ya mara elfu tisa. Wote walipanda juu kwa miguu yao.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema katibu wa kamati ya sherehe, nina mwandiko unaosomeka na ninaweka tarehe ya kila kitu. Kuna sababu nyingine ambayo hakuitaja: kwa miaka kumi na tisa nimekuwa msaidizi wa mstaafu. Na ili nisianze na uongo, naongeza kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimemwonea gere. Wengi wenu mlikuwa mkilijua hilo na kulisemea pembeni. Leo lisomeni kwa mwandiko wangu.

Aliajiriwa kama kibarua wa kuzoa mchanga katika chumba cha pampu, akiwa na elimu ya darasa la saba na buti za kuazima. Siku hizo kisima kilipimwa kwa pua. Unafungua mfuniko, unasubiri kidogo, unainama, unanusa. Ukisikia mayai viza, unangoja, usiposikia, unashuka. Ubaya wa gesi ile ni kwamba ikizidi huiua pua kwanza, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla ndipo hatari imefika. Katika mwaka wake wa nne, mwenzake alishuka kwenye kisima ambacho "hakikunuka", akaanguka kabla hajafika chini. Aliyeshika kamba juu alikuwa yeye. Alimvuta peke yake hadi majanini, na mwenzake alipozinduka kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliyemchania shati.

Mwezi uliofuata kilinunuliwa kipima gesi cha kwanza. Kilikuwa kizito kama tofali na kilionyesha namba nne: ya oksijeni, ya gesi ya kulipuka, ya gesi ya moshi wa injini, na ya hiyo gesi ya mayai viza. Kilikaa kabatini wiki sita kwa sababu kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza na kila mkubwa alidhani mkubwa mwingine anakisoma. Kibarua wa mchanga akaenda kukiomba. Alinunua kamusi iliyokwisha kutumika, na kwa wiki tatu akala chakula cha mchana na kitabu mbele yake. Alipokirudisha, kando za kurasa zilikuwa zimejaa maelezo ya penseli ambayo mpaka leo yanatusaidia kuliko kitabu chenyewe. Nayasema haya nikiwa mtu wa kidato cha nne niliyesoma kitabu kilekile kwa siku mbili na kuona nimekimaliza.

Jina la Dakika Tatu lilitokana na jinsi anavyopima. Huushusha mpira wa kifaa, bomba jembamba la kunyonyea hewa, juu ya kisima, kisha katikati, kisha chini, kwa kuwa gesi nyingine huelea na nyingine hulala sakafuni kama paka. Kila mahali husimama dakika tatu, macho kwenye saa ya mkononi, ili hewa ipande kwenye mpira na namba zitulie. Ukijumlisha ni dakika tisa, na dakika tisa juani ni nyingi. Vijana walimtania kwamba chai ya nyumbani kwake hunywewa ikiwa baridi. Inasemekana hata siku ya harusi ya binti yake alifungua mlango wa ukumbi akasimama kidogo kabla ya kuingia.

Kila asubuhi, kabla hajasalimia watu wengi, hukitoa kifaa nje upande unakotoka upepo, hukiwasha huko, kisha hukipulizia gesi kidogo ya majaribio kutoka kwenye mtungi wake ili aone kama namba zinapanda na king'ora kinalia. Huziba ncha ya mpira kwa kidole kusikia kama pampu ndogo ya ndani inalalamika. Isipolalamika, mpira una tundu mahali. Hubadilisha chujio likianza kuwa la kijivu. Vihisio, vipande vya ndani vinavyoitambua gesi, huvibandikia tarehe ya kwisha, maana navyo huzeeka hata vikikaa bure. Ukimwambia kifaa kilikuwa kizima jana, anakujibu kwamba jana si kipimo.

Dereva wa gari la kunyonya tope atakumbuka walivyonuniana mwezi mzima. Dereva alikuwa na dawa ya kupulizia ya kung'arisha dashibodi, fahari ya maisha yake, na Dakika Tatu alikuwa amesoma kwamba dawa za namna hiyo hukilevya kihisio cha gesi ya kulipuka kikanyamaza pale kinapopaswa kulia. Akakataza kifaa kisipande mbele. Kikawekewa sanduku lake nyuma, na kitambaa chini, kikasafirishwa kama mama mkwe. Dereva alisema hajawahi kudharauliwa hivyo na kitu chenye betri. Siku hizi ndiye anayewafukuza watu wenye manukato karibu na sanduku lile.

Mke wa Dakika Tatu naye alikuwa na kesi. Miaka umeme wa ofisini ulipokuwa haueleweki, mzee alikwenda na kifaa nyumbani kukichaji, na mama akakibatiza jina la mke mwenza. Akipita hapa kuleta ufunguo, huuliza kwanza hali ya mke mwenzake, kama amekula, kama amelala vizuri. Tulicheka, lakini aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka ishirini na saba hajatazamwa kwa makini dakika tatu mfululizo. Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa na wivu, ila wangu ulikuwa upande wa pili: nilitaka kifaa kiwe changu.

Sababu yake ni Sindano, fundi wetu wa kushuka, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna tundu asilopita. Kila nilipopima mimi, Sindano aliuliza Dakika Tatu amesemaje. Nikimwambia Dakika Tatu yuko likizo, aliketi kwenye ndoo akasema basi na yeye yuko likizo. Nilikuwa na cheti, mwandiko na Kiingereza, na nilitumia kifaa kilekile. Katika shajara yangu ya tarehe 17 Februari, mwaka wangu wa tano, nimeandika: "Sindano kasema mbele ya watu kwamba namba zangu ni za shule, za mzee ni za kurudi nyumbani. Wote wamecheka. Mzee hakucheka, na hilo limeniudhi zaidi."

Sasa niandike jambo ambalo halimo katika rejista.

Tarehe 9 Agosti, miaka kumi na mmoja iliyopita, Dakika Tatu alikuwa likizo na mimi nilikuwa na kazi ya kisima cha tope namba sita. Nilitaka kuwaonyesha kwamba kazi ya dakika tisa inaweza kufanywa kwa nne. Nilifika nikakuta mfuniko umeshafunguliwa. Badala ya kurudi nyuma upande wa upepo, niliwasha kifaa palepale mdomoni pa kisima. Kikaonyesha namba ndogo ya gesi ya mayai viza. Nikaona ni usumbufu tu wa kifaa kilichozeeka, nikabonyeza kitufe cha kukirudisha kwenye sifuri. Kifaa kile cha zamani hakikuwa na ubishi. Ukikiambia kwamba hapa ni safi, kinakubali, na kuanzia hapo kinapima ubaya wote kwa kuanzia ubaya ule. Nilishusha mpira. Namba zikabaki chini ya kiwango cha king'ora. Nikatia sahihi kibali, na Sindano, kwa mara ya kwanza bila maneno, akaanza kujifunga mikanda.

Dakika Tatu alikuwa amepita kuchukua mwavuli wake. Alinisalimia, akatazama nilipokuwa nimesimama, akatazama mfuniko, akaomba kifaa kwa mkono. Akatembea nacho hadi getini, upande wa upepo. Nilimfuata nikiwa nimekasirika. Pale getini kifaa kilionyesha oksijeni iliyopita kawaida, na mbele ya namba ya gesi ya mayai viza kulikuwa na alama ya kutoa.

"Hewa haiwezi kuwa safi kuliko safi, mdogo wangu," alisema.

Akakirudisha kwenye sifuri hapohapo, tukarudi, akapima. Mpira haukufika katikati ya kisima king'ora kikalia mpaka wapishi wakatoka jikoni. Sindano alivua mikanda akaenda kukaa kwenye ndoo yake. Mzee alimwambia hali ya kisima imebadilika, warudi baada ya feni kupuliza hewa kisimani kwa muda wa saa mbili. Katika rejista aliandika maneno mawili, "Kipimo kimerudiwa", akatia sahihi, akachukua mwavuli wake.

Hakumwambia mtu. Hakuniambia hata mimi tena. Na badala ya kushukuru, nilizidi kumwonea kijicho. Mtu anayekukosea unaweza kumchukia ukapumzika; aliyekusitiri anakaa nawe kama mwiba. Kila mkutano wa usalama nilingoja aseme. Miaka kumi na mmoja nimengoja. Nilijifunza kusimama dakika tatu, si kwa kumpenda, bali ili siku akisema niwe na cha kujibu.

Siku hiyo nilidhani imefika Mei mwaka huu, mhandisi alipomuuliza nani apokee mkoba. Ilijulikana kwamba nikikosa safari hii nitastaafu nikiwa msaidizi. Mafundi wa kushuka walikuwa wameshatuma ujumbe kupitia Sindano kwamba ni heri atafutwe mpimaji kutoka kituo kingine. Dakika Tatu alimjibu mhandisi kwamba atampa jibu kisimani. Niliandika katika shajara: "Kumbe atanisemea mbele ya wote."

Tarehe 3 Juni tulikusanyika kwenye kisima namba sita. Alikichagua yeye. Alivua mkoba akanivisha mimi, kisha akaenda kwenye sanduku la vifaa akatoa mikanda ya kushukia na kuanza kujifunga. Tulidhani ni mzaha wa kuagana. Akatoa mfukoni cheti chake cha kushuka; kilikuwa hai. Amekuwa akikihuisha kila mwaka, na uchunguzi wa daktari juu yake, ingawa hajashuka tangu apewe kifaa. Mhandisi alikisoma mbele na nyuma, akakagua winchi na kamba ya uokoaji, hakupata pa kumzuia.

"Pima wewe," aliniambia. "Nashuka mimi."

Nilikwenda upande wa upepo nikawasha. Nilipulizia gesi ya majaribio. Niliziba mpira kwa kidole, pampu ikalalamika. Nilirudi nikashusha mpira juu, katikati na chini, na kila mahali nilisimama dakika tatu. Hakuna aliyetania kuhusu chai. Namba zilikuwa nzuri. Nilizitazama tena, kwa kuwa chini ya namba zile angekuwepo mtu wa miaka sitini, baba wa watu, mume wa mama anayeuliza hali ya mke mwenzake, na asingeuliza mtu mwingine kabla ya kuweka mguu kwenye ngazi. Nilipojaza kibali na rejista, mwandiko wangu wa sifa uliharibika. Mtakaofungua rejista mtauona. Alisoma jina langu, akaitikia kwa kichwa, akashuka. Alikaa chini robo saa, akapanda na kipande cha tope kwenye buti kama ushahidi.

Sindano aliinuka kwenye ndoo, akachukua mikanda ileile ingali na joto, akaanza kujifunga yeye.

Jioni ile niliandika mstari mmoja: "Nilichokuwa namwonea gere miaka kumi na tisa ni hofu. Alikuwa nayo kila siku, na hakuna aliyeiona." Ningeijua mapema ningemwachia kwa roho safi. Wivu haujaniisha, nisiwadanganye, ila umehamia kwingine. Sasa namwonea wivu kwa asubuhi ya tarehe mosi Julai, atakapoamka, asiwe na mtu yeyote chini ya namba zake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa mara elfu tisa na zaidi ambazo watu walirudi juu, kwa maelezo ya penseli, na kwa maneno mawili uliyoandika badala ya mengi uliyoweza kusema. Mama tunamrudishia mumewe akiwa mzima, na mke mwenza amebaki huku. Hali yake atakuwa akiiuliza kwangu. Siku zako zote zilizobaki, kaka yangu, tunakutakia hewa safi, na asikusimamishe mtu mlangoni kuipima.