Rachid Abedi na Nyumba ya Kapata

Batata na bamama mliokuja kulia nasi, mimi ni Karim Abedi, kaka mkubwa wa marehemu, na nitasoma polepole ili hata asiyetaka kusikia asikie.

Rachid alizaliwa Kasongo, tarehe 3 Mei 1971, akasoma hukohuko hadi darasa la sita, na mwaka 1992, baba yetu alipofariki na mama kuolewa tena, akanifuata Kolwezi, akawa dereva wa malori ya unga kati ya hapa na Sandoa.

Tarehe 15 Agosti 1998 alimwoa Bilonda Mbayo, mzaliwa wa Kapata, mtaa wa hapahapa Kolwezi, na mwaka uliofuata akahamia Kapata kwa wakwe zake, na mpaka leo wako wanaonong'ona kwamba alinusa madini ya kobalti chini ya nyumba ile, wakati sababu niliisikia kwa masikio yangu, mke alikuwa mjamzito na alisema, "Mi siwezi kuzalia mbali na mama yangu." Walijaliwa watoto wawili, Rachida na Mbuyu.

Mwaka 2016 wakwe, wenyeji kabisa, waliuza nyumba kwa Rachid wakaenda Sandoa kulima, kwa kuwa binti yao wa huko alifiwa na mume akabaki na watoto wachanga, na midomo ikasema mgeni amefukuza wenyeji, wala hakuna aliyeuliza mbona mgeni huyohuyo ndiye aliyewapeleka kwa lori, mbuzi wao wakiwa juu ya magunia.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2022, ukashuka kwenye figo, akafariki jana Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, saa kumi na mbili jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake, na majirani waliopika tangu jana. Nawashukuru pia wadogo zangu waliofika asubuhi hii kutoka Lubumbashi, ingawa lori tupu walilokuja nalo sijalielewa, maana anayekuja kilioni huleta mchele, haleti nafasi, na nimewaona wakilipima kabati kwa macho.

Shemeji Bilonda, ambaye amebaki Mkatoliki, ameomba mwenyewe kukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, kwa heshima ya dini ya mumewe, nasi tuliozaliwa ndani ya dini hiyo tunajua kwamba mjane wa eda hahamishwi, na ikiisha, nyumba itabaki yake na batoto bake, na anayetaka kumtoa aanze kunitoa mimi, nitalala mlangoni.

Rachid, mdogo wangu, kila ulipohama ulimfuata mtu wako. Sasa pumzika, mkeo hahami.